Walipoita Ekwar Yetu Ardhi Tupu

Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, hapa Lodwar, tuone jinsi mtaa wetu unavyotumika kabla haujapangwa upya. Njano ni nyumba, nyekundu ni maduka. Nikaitafuta migunga yangu kando ya mto Turkwel. Nyeupe pe! Juu yake wameandika: ardhi tupu, panafaa maegesho ya malori.

Tupu? Ala! Hiyo ni ekwar yetu, kipande cha miti ambacho nyanya alimwachia mama, na mama akaniachia mimi. Kiangazi kikikaza, mbuzi wanaishi kwa maganda yanayoanguka pale. Jirani akitaka kuyaokota, au hata kupumzika kivulini, anakuja kuomba kwanza. Hatujajenga pale na hatutajenga. Tukate miti tuweke mabati, halafu watoto wanywe maziwa ya nani? Mpimaji wa ramani hiyo alipita mifugo ikiwa malishoni Lorugum, akaona hakuna mtu, akaenda zake.

Nikamfuata afisa wa mipango. “Mama, sisi tunachora kilichopo tu,” akasema.

“Kwani miti haipo?”

Akacheka! Akaniambia nilete maneno yangu kwenye baraza. Nikatoka pale na hasira, na kusema kweli niliogopa pia, maana baraza ikipitisha, kinachofuata ni tingatinga.

Siku ya baraza jua lilikuwa lile letu lisilo na huruma, kwa hiyo wakubwa wakaamua tukutane penye kivuli. Wapi? Chini ya migunga yangu! Jamani, kuna watu hawana haya. Nilipofika, afisa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki peke yake, ramani imekunjwa mkononi, na mtaa mzima umesimama juani.

“Karibuni, mbona mnaniogopa?” alikuwa akiwaita.

Hakuna aliyemwogopa. Walikuwa wakinisubiri mimi. Mwenye duka, Msomali aliyekaa nasi miaka mingi, ndiye aliyeanza, kwa salamu ya Kiturkana. “Ejok, mama. Tunaomba kivuli.”

“Ejok. Ingia, ukae.”

Wakaja akina mama wa makaa, wakaomba, wakakaa. Wakaja vijana wa bodaboda, wenye kelele zao zote, nao wakaomba kwa adabu. Chifu mwenyewe akavua kofia, akaomba. Mimi nikawa najibu tu, kaa, kaa.

Halafu nikamgeukia afisa. “Wewe bado hujaomba.”

“Lakini mama, hapa ni mahali pa wazi.”

“Waulize hawa.”

Akawatazama. Wote wakamkazia macho. Jasho likamtoka na kivuli kiko juu yake. Akainuka taratibu.

“Mama, naomba nikae.”

“Unamwomba nani?”

“Wewe. Mwenye mahali.”

“Haya. Toa hiyo ramani, upake rangi hapo penye weupe, uandike ni pa nani. Ukimaliza, utakaa.”

Akaandika akiwa amesimama.