Tulivyoisubiri Binti wa Chaza ya watu wa kweli kwenye TV, na mama mkwe wangu alichoniambia Mangapwani

Wakuu, poleni na majukumu.

Naona jukwaa la burudani limechafuka. Watu wanabishana kuhusu ile hadithi ya kale iliyokuwa katuni, sasa inatengenezwa upya na watu wa kweli, live action kama mnavyoita. Kuna mtu kaichambua trailer sekunde kwa sekunde. Binti yangu naye hanipi raha, kila nikikaa ananiletea simu nione gauni la huyo princess.

Nikacheka peke yangu. Maana na mimi niliwahi kuisubiri remake, enzi ambazo hilo neno hatukuwa nalo, na sidhani kama kuna hype yoyote ya sasa inaifikia ile.

Yaliyomo humu yalinikuta mwenyewe. Majina nimebadili, chumvi sijatia.

Mimi kwetu Kondoa. Miaka ya tisini niliolewa Unguja na kijana anaitwa Khalfan, fundi umeme wa majengo. Tulikaa Mpendae, nyumba moja na mama yake.

Mama mkwe alikuwa mtu wa mjini hasa, kazaliwa Mji Mkongwe, ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba ya karafuu zamani. Mtaa mzima ulimwita Mama Khalfan. Mjane, msafi, mkimya.

Hakunitesa, nisije nikamsingizia. Ila hatukuwa na maneno. Nikimwamkia anaitikia, nikipika anakula, nikikosea kutamka kitu ananirekebisha kwa upole, basi. Khalfan akienda Pemba kikazi, na alikuwa akienda sana, tunabaki wawili kama abiria waliokutana bandarini.

Jioni moja tupo uani, yeye anakaanga samaki, mimi nachambua mchele, televisheni inasema peke yake ndani. Mara mtangazaji akatoa taarifa kwamba mchezo wa Binti wa Chaza, uliokuwa ukisikika redioni zamani, sasa utaigizwa kwenye televisheni na watu wa kweli.

Kwa wasioijua, hadithi yenyewe ni hii. Kijana yatima anakaa peke yake pwani. Anaokota chaza kubwa, lile ganda lenye lulu ndani, analiweka kwake. Kila akirudi kazini anakuta nyumba imefagiwa na chakula kimeiva. Siku moja anajifanya katoka, kumbe anachungulia dirishani. Anaona ganda linafunguka, anatoka binti, anaimba huku anafagia.

Watu wa rika la mama mkwe waliisikiliza redioni tangu ujana wao, na redio iliirudia miaka na miaka. Watoto wao walisimuliwa. Pale kisiwani ukimtaja Binti wa Chaza hakuna anayekuuliza ni nani.

Sasa ile taarifa ilipotoka, mama mkwe aliacha mwiko ndani ya kikaango akaingia ndani. Akasimama mbele ya TV mpaka tangazo likaisha na taarabu ikaanza. Mimi ndiye niliyegeuza samaki, na upande mmoja ulikuwa umeshaungua.

Alirudi akakaa. Akaniuliza kama kwetu Kondoa hadithi hiyo ipo. Nikamwambia ipo, ila sisi bahari hatuna, kwa hiyo binti anatoka kwenye kibuyu.

Akacheka. Wakuu, tangu niingie nyumba ile sikuwahi kumsikia akicheka mpaka mabega yanatikisika. Akawa anarudia, "Kibuyu!" Kisha anacheka tena.

Kuanzia siku hiyo tukawa na la kusema.

Na mtaa nao ukawaka. Mjadala mkubwa ulikuwa mtu mzima atatokaje kwenye ganda. Muuza duka wetu aliapa kwamba Ulaya kuna mashine inampunguza mtu kwenye picha, na mashine hiyo imeshafika bandarini. Jirani yetu fundi seremala akasema hakuna mashine, watachimba shimo chini ya ganda. Walinuniana wiki nzima kwa ajili hiyo. Watoto wakawa wanajifungia kwenye mabeseni mawili na kutoka wakiimba. Mabeseni ya mtaa mzima yalikuwa na nyufa.

Ikawa kila jioni mimi na mama mkwe tunabishana. Mimi nasema kijana atakuwa mzuri wa sura, yeye anasema akiwa mzuri sana haifai, yatima awe na sura ya mtu mwenye njaa. Tulijuaje watachagua nani? Hatukujua lolote, ndiyo raha yenyewe.

Halafu ikaja habari kwamba wanapiga picha Mangapwani, karibu na lile pango la mawe ya matumbawe.

Asubuhi nakunywa chai, mama mkwe katokeza kashavaa buibui. "Sauda, vaa. Shemeji yako wa lori, binamu yake Khalfan, anakwenda kuchukua mchanga kaskazini, atatupeleka."

Mwanamke ambaye sokoni alikuwa anaagiza, haendi. Nikavaa haraka kabla hajabadili mawazo.

Tulikuta watu wengi wamesimama pembeni, kina mama wa kijijini, wazee, watoto waliotoroka chuo cha Kurani. Kamera moja, mwavuli mmoja mkubwa, na ganda lenyewe. Lilikuwa la mbao na plasta, limepakwa rangi ya maziwa, kubwa kama kitanda. Nilikuwa mtu mzima mwenye mume, lakini nililitazama lile ganda nikaamini.

Binti mwigizaji akatoka, mtandio wa kumeremeta, mzuri kweli. Akaanza kuimba.

Wazee wakaanza kuguna. Maneno yalikuwa yale yale, lakini tuni haikuwa ile. Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba huyu anaimba wimbo wa harusi. Mwongozaji, kijana mpole mwenye miwani, akaja kutuomba radhi. Akaeleza kuwa kanda ya zamani ya redio haipo tena, imeoza kwa unyevu, maneno wameyapata kwa watu lakini tuni kila mtu anaikumbuka kivyake. Akauliza kama kuna anayeikumbuka vizuri.

Watu wakaimba, kila mmoja yake. Fujo tupu.

Hapo mama mkwe akanishika mkono. Alinibana mpaka pete ikaniumiza. Akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama:

"Sauda, mie ndiye."

Nikamuuliza ndiye nani.

"Yule wa redioni. Nlikuwa msichana wa miaka kumi na tano."

Nikamuuliza kama Khalfan anajua. Akatikisa kichwa. Nikamwambia twende tukawaambie. Akasema, "Nenda wewe. Mie miguu haitaki."

Nikaenda. Vijana wawili wa vifaa walinitazama na kutabasamu, nadhani walishachoka na watu wanaojitia kujua. Lakini mwongozaji alinifuata mpaka alipokaa mama mkwe, juu ya jiwe, uso umefunikwa nusu.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba."

Hakumhoji. Alikaa chini mchangani, akasubiri. Na mama mkwe akaanza, taratibu, kama mtu anayepapasa swichi kwenye giza:

*Ee chaza funguka, jua limepanda,*
*mwenyewe katoka, nami nampenda.*

Wakuu, sauti ilikuwa imekwaruza kidogo mwanzoni. Ubeti wa pili ikatakata. Wale kina mama wa kijijini wakanyamaza mmoja mmoja. Yule mzee aliyelalamika alivua kofia, akaishika. Binti mwigizaji alikuja na mtandio wake akakaa karibu na miguu ya mama mkwe, anasogeza midomo ili aikamate tuni.

Alipomaliza, mwongozaji akamwomba jambo moja: binti aigize, lakini sauti iwe yake yeye. Watairekodi mjini.

Mama mkwe akasema hapana. Kisha akasema, mpaka mwanangu aulizwe.

Tulipofika nyumbani ndipo akanieleza. Alipoolewa, watu wa upande wa mume waliona aibu mke wao kusikika redioni, mchezo unarudiwa kila mara na sauti yake imo. Wakaomba lisizungumzwe. Akakubali. Watu wa kwao waliojua wengine walihama, wengine wakafa. Yeye akawa Mama Khalfan. Redio ikiurudia mchezo, alikuwa anaondoka chumbani.

Niwaambie ukweli, hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule mama. Kabla ya hapo nilikuwa namheshimu tu.

(Samahani, nimeenda kuepua sufuria. Tuendelee.)

Khalfan tulimpigia Pemba kwa simu ya ofisini kwao, nikamwambia mama anamhitaji, si ugonjwa. Zile siku za kumsubiri zilikuwa ndefu kuliko kuusubiri mchezo. Mume wangu alikuwa mwema, lakini mtu wa heshima za kizamani, na ami zake, ndugu wa baba yake, bado walikuwa hai. Angesema hapana, mama yake asingemwuliza mara ya pili.

Alikuja Ijumaa. Baada ya chakula mama mkwe akanitazama, nikajua kashindwa. Nikasimulia mimi, kila kitu, tangu samaki kuungua mpaka Mangapwani.

Khalfan akamuuliza mama yake:

"Baba alijua?"

"Alijua. Alinisikia redioni, ndiyo akaja kuposa."

Khalfan akawa anageuza kikombe cha kahawa mkononi. Nilidhani amekasirika. Alipoinua uso niliona si hasira.

"Hukuniimbia hata mimi, mama?"

"Nlikuimbia. Ulikuwa huna meno."

Akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Akasema, sasa unamwomba ruhusa mtu uliyemjua hana meno? Ami zake aliahidi kuwaendea mwenyewe, na aliwaendea. Mmoja alinuna. Mwingine, mkubwa wao, alimuuliza mchezo utaonyeshwa lini.

Basi tukaenda kurekodi. Chumba kidogo, magodoro yamesimamishwa ukutani, joto la kuivisha mkate. Mama mkwe aliimba mara nyingi mpaka mwenyewe aliporidhika. Mwongozaji alisharidhika zamani.

Kilichofuata ni kusubiri, na safari hii tulikuwa tunajua kitu ambacho mtaa haukijui. Mama mkwe alituapisha tusiseme. Mnajua adhabu ya kukaa na habari kama ile, halafu muuza duka anakuambia kwa uhakika kwamba mwimbaji wameletewa kutoka Misri? Nilikuwa nauma kanga.

Siku yenyewe Khalfan alitoa TV barazani, akapanda kugeuza antena mpaka picha ikatulia. Baada ya Magharibi hapakuwa na pa kuweka mguu. Mikeka, viti vya kuazima, watu juu ya ukuta. Hofu yetu wote ilikuwa umeme, kila taa ikipepesa watu wanavuta pumzi. Haukukatika.

Mchezo ukaanza. Kijana yatima alikuwa na sura ya njaa kabisa, na nikamtafuta mama mkwe nimpe ushindi wake. Hayupo. Nikamkuta jikoni, gizani kidogo, anakatakata vitunguu ambavyo hakuna mtu aliyevihitaji.

Nikamwambia mama njoo, linakaribia kufunguka. Akasema anasikia kutoka pale pale.

Nje, ganda lilifunguka. Watoto wakacheka kwa sababu bawaba ilionekana, na fundi seremala akatangaza kwamba ni shimo. Kisha wimbo ukaanza.

Kicheko kilikatika. Ikabaki sauti ile peke yake, inapita barazani, inaingia mlangoni, inatufikia jikoni. Mama mkwe alisimamisha kisu. Katikati ya ubeti akaniambia, "Hapo nshachelewa kuvuta pumzi." Mimi nilikuwa nalia na kusingizia vitunguu.

Mchezo ulipoisha majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Muuza duka alipenda kuyasoma kwa sauti ili watu wajue anasoma. Mwigizaji fulani, fulani. Kisha akasoma:

"Sauti ya Binti wa Chaza, Nasra binti Seif."

Akasita. Watu wakaanza kuulizana. Nasra ndiye nani? Wa wapi huyo? Miaka yote ile ya ujirani hakuna aliyewahi kulisikia jina lake la kwao. Muuza duka akalirudia kwa nguvu zaidi, kama anayemwita mtu aliye mbali:

"Nasra binti Seif!"

Na mama mkwe, kisu mkononi, akaitikia kutoka jikoni:

"Naam."

Baraza zima likageuka.

Sitaweza kuelezea kelele zilizofuata. Walimtoa jikoni kwa vigelegele, akaimbishwa pale pale, na Khalfan akawa wa kwanza kupokea kiitikio. Kuanzia kesho yake mtaa uligawanyika, wengine wakabaki na Mama Khalfan, wengine wakaanza Bi Nasra. Aliitika yote mawili, ila hili la pili aliliitika haraka zaidi.

Alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, na wanangu wote waliimbiwa wakiwa hawana meno. Alipofariki nilimlilia kama mama aliyenizaa.

Nilichojifunza, wakuu, ni kimoja. Hao tunaowaita mama fulani na bibi fulani walikuwa na majina, na walikuwa na kitu walichokipenda kabla hatujazaliwa. Muulizeni mtu wenu leo, akiwa bado anaweza kuitika.

Hiyo live action yenu mpya nitakwenda kuiona na binti yangu, nimeshamwahidi, na kusema kweli hata mimi sasa sina usingizi. Ila nyie mnaobishana kule, njooni kidogo huku mniambie: ni hadithi gani ya kwenu mngetaka kuiona ikiigizwa na watu wa kweli, na nani alikusimulia?

Na kama kuna mtu wa Mpendae humu aliyekuwepo barazani siku ile, ajitokeze tafadhali. Hasa kama ni wewe uliyekaa juu ya ukuta wetu ukaangusha tofali.