Kila Barua Ilikuwa ya Dharura

Hilaria, binti wa Uru aliyesomea kompyuta, ndiye aliyekitengenezea programu kikundi cha maziwa cha kijijini kwao. Programu hiyo ilituma barua pepe za kila namna: taarifa za mikutano, mialiko ya kipaimara, na onyo pale tangi la kupozea maziwa lilipoanza kupata joto. Kila barua ilipewa namba ya kipaumbele. Moja ni ya dharura, nayo hupata alama nyekundu na kuifanya simu ilie kwa nguvu. Tatu ni ya kawaida. Tano inaweza kusubiri.

Barua za Mzee Eliamini, mwenyekiti, alizipa moja. Sasa umpe mzee tatu, halafu umtazame usoni kanisani? Katibu naye akadai moja, mweka hazina vilevile, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Hilaria hajui kumkatalia mtu ambaye yeye humwamkia shikamoo. Akaziweka zote moja, kazi ikaisha.

Siku umeme ulipokatika, onyo la tangi lilimfikia Fredy, mwasha jenereta, kama lilivyopaswa. Likazikuta alama nyekundu tele zimetangulia, mojawapo ya mwenyekiti akiwakumbusha watu warudishe viti. Fredy alikuwa ameshachoka na kuzima sauti ya simu. Maziwa yote yakachacha. Navin, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akiyanunua, alisema ikitokea tena hatarudi. Hilaria alisimama akiwatazama akina mama wakiyamwaga kwenye migomba, mama yake akiwemo. Aliona aibu sana. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse maziwa.

Siku hiyo hiyo akaifungua programu, akaliachia tangi namba moja peke yake. Wengine wote akawashusha hadi tatu, kisha akamwomba Fredy arudishe sauti ya simu.

Haikuchukua muda Mzee Eliamini akamfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naambiwa barua zangu hazilii siku hizi. Yaani mimi nimekuwa mtu wa kawaida?"

"Hapana, baba. Wewe hata kesho upo. Maziwa kesho hayapo."

Mzee akaondoka bila kuaga. Jumapili kanisani alimpita kama hamjui, na jambo hilo lilimuuma Hilaria kuliko alivyotaka kukiri.

Kisha ikaja kipaimara ya mjukuu wa mzee. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi, hotuba imeshika kasi, umeme ukakatika. Baada ya muda simu ya Fredy ikalia uwanja mzima ukasikia. Fredy akaacha sahani yake ya ndizi nyama, akaanza kupenya katikati ya wageni. Hotuba ya Mzee Eliamini haikuwahi kukatishwa na mtu. Hilaria akainamisha kichwa.

"Mpisheni," mzee akasema.

Akasubiri, kata mkononi, mpaka jenereta liliposikika likinguruma kule kwenye tangi. Halafu akaanza hotuba upya, tangu mwanzo.