Mkebe wa Wachuka

Pale Gatitu, ukiwa na maumivu yoyote, usipite mbele ya kibanda cha mboga cha Wachuka ukiwa umekunja uso. Atakuita. Atasogeza sukuma wiki kando, atoe mkebe wa kakao, na kabla hujamaliza kujieleza utakuwa umeshikishwa kidonge. Vidonge vyote vilikuwa mabaki: vya marehemu mumewe, vya jirani aliyepona, vya magoti yake mwenyewe. Udaktari hakusomea, lakini ujasiri wa daktari alikuwa nao, tena wa kupita kiasi.

Kagure, mke wa mwanawe Mwai, alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba, mgongo ulipoanza kumsumbua. Wachuka akafungua mkebe.

"Meza hizi mbili. Ni za magoti, lakini magoti na mgongo si ni majirani?"

Kumkatalia mama mkwe si mchezo. Kagure alishukuru, akavifunga kwenye leso, na siku ya kliniki akamwonyesha nesi. Nesi akashtuka. Dawa ya aina hiyo, mimba ikiwa kubwa hivyo, inaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Akampa nyingine inayomfaa, akamwonya asimeze chochote, hata mitishamba, kabla ya kuuliza.

Kagure alirudi, akaviweka vile vidonge mezani na kueleza. Wachuka akanuna.

"Ati nesi wa juzi ndio anifunze? Mimi nimezaa wanne!"

"Mami, nilipigwa picha ya tumbo pia. Ni msichana."

Wachuka akageuka kumtazama. Kwao, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mwenye jina huhesabu kwamba ni yeye anayezaliwa tena.

"Sasa hizi dawa," Kagure akasema polepole, "ungekuwa unampatia Wachuka."

Mama mkwe wa watu aliketi, akaogopa kweli kweli, machozi yakamtoka. Kesho yake alipeleka mkebe mzima kwa duka la dawa, akaomba vidonge vitupwe inavyofaa.

Miezi ikapita, mtoto akaja salama. Siku moja, wakitoka kanisani, Wachuka mdogo alimlowesha shosho, nyanya yake, gauni zima la Jumapili. Watu wakakimbilia vitambaa. Yeye aliinua mtoto juu, akicheka huku analia.

"Mwacheni akojoe! Figo za Wachuka ziko sawa!"