Bila Glavu

Kwa miaka minne Zablon alikula sinia moja na Wakenya wenzake saba, katika chumba chao cha Al-Hindawiyah, Jeddah. Kisha viwiko vyake vikaota magamba. Daktari wa zahanati ya mtaani alimtazama kutoka upande wa pili wa meza, akatafuta wekundu, akaukosa, akaandika fangasi. Fangasi huambukiza. Jioni hiyo hiyo Danson, waliyefika naye kwa ndege moja, akamtengea sahani ya plastiki.

“Si ubaya, bro,” alisema. “Ni tahadhari tu.”

Tahadhari gani hiyo, ya kumfanya mtu ale akitazama ukuta? Zablon alipaka dawa ya fangasi mpaka akachoka, magamba yakazidi kunenepa. Hakuna aliyempa mkono tena, hata Krismasi. Kampuni yao ya ulinzi ilipotafuta mtu wa kwenda Riyadh, alijitaja wa kwanza.

Huko alipewa lango la chuo cha udaktari. Asubuhi moja mhadhiri, Daktari Hanadi, alisimamisha gari aonyeshe kitambulisho. Akaona kiwiko cha Zablon, kitambulisho akakisahau.

“Nani kakuambia hiki ni nini?”

“Hospitali, madam. Fangasi.”

“Mafi fangasi! Si fangasi kabisa. Hii ni soriasi. Haiambukizi mtu.”

Akamweleza kwamba picha za vitabuni karibu zote ni za ngozi nyeupe, ambako ugonjwa huo huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa wa zambarau au wa kijivu, na daktari aliyefundishwa wekundu tu hautambui. Akamwomba aje darasani.

Zablon alikaa mbele ya wanafunzi thelathini, shati limekunjwa mpaka mabegani. Mmoja akanyoosha mkono kuchukua glavu.

“Bila glavu,” Daktari Hanadi alisema. “Gusa ujifunze.”

Wakapita mmoja mmoja, wakagusa, wakapiga picha kwa simu. Vidole vya baridi, vidole vyenye wino. Zablon aligeuza uso dirishani, maana machozi yalimshika vibaya, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili. Miezi kumi na tisa ilikuwa imepita bila mtu kumgusa.

Jioni, akiwa na dawa na cheti alivyoandikiwa na Daktari Hanadi, alimtumia Danson ujumbe wa sauti: haiambukizi, cheti ninacho, likizo nakuja Jeddah, niwekeeni nafasi kwenye sinia.

“Mungu ni mwema, bro!” Danson alijibu. “Lakini kitanda chako tulimpa Fidel. Na kwa sinia tumeshajaa.” Kisha akacheka kidogo. Labda alicheka kwa aibu. Zablon aliusikiliza ujumbe ule mara tatu.

Dawa mpya ilifanya kazi. Baada ya wiki sita magamba yalianza kulainika, naye akamngoja daktari langoni.

“Darasa lingine ni lini, madam?”

“Halas, Zablon. Picha tunazo za kutosha. Na wewe unapona, alhamdulillah!” Akampungia mkono, akaingia na gari lake.

Wanafunzi wakafuata. Wengi wao walikuwa na kile kiwiko ndani ya simu zao. Zablon aliwafungulia lango, mikono ya shati ameikunja, wakapita.