Fundi Aliyenijengea Seva

Sitaki mtu aniambie nilikuwa na haki ya kukasirika. Wameshaniambia wengi, na kila anayesema hivyo namwona mnafiki, kwa sababu walikuwepo na hawakunishika mkono.

Bazilio Manirambona alizaliwa Murungu, Kibondo. Babu yake alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, baba yake akakulia kwenye mihogo na maharage ya huko huko, na Bazilio mwenyewe hajawahi kulala hata siku moja upande wa pili wa mpaka. Uraia wao una karatasi. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 alipata kibarua cha kupakua magunia ya mgao. Kwa kuwa hawezi kupita karibu na kitu kilichoharibika bila kukigusa, akaishia kutengeneza printa za ofisi za mashirika. Hakuna aliyemfundisha. Baadaye akahamia Kasulu, akakodi baraza karibu na soko: meza moja, benchi la wateja, na bisibisi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Mimi ni Adija, nina studio ya picha jirani naye. Harusi, maulidi, ubatizo na misiba ya Kasulu ya miaka kumi na sita ilikuwa kwenye diski za nje zilizojaa kabatini, nazo zilishaanza kufa moja moja. Nikamwambia Bazilio nataka seva nyumbani, mashine moja ya kutunza kila kitu. Tena nilikuwa nimeshaichagua. Shirika moja lililofunga ofisi lilikuwa linanadi seva ndefu ya chuma, ya kubebwa na watu wawili. Niliipenda kwa uzito wake tu.

Bazilio akaikataa. "Mama Zuhra, hiyo inanguruma kama mashine ya kusaga, na umeme itakaokula utakufanya uichukie kabla ya mwezi kuisha. Nunua kompyuta ndogo ya ofisi, iliyotumika. Pesa inayobaki tuongeze RAM, diski mbili, moja iwe nakala ya mwenzake, na betri ya kuishikilia umeme ukikatika."

Nilibishana naye siku tatu. Nilimwambia ananiona mshamba. Hakupandisha sauti hata mara moja. Akanieleza kwamba picha za wateja na masomo ya watoto wangu hatutavichanganya. Ataweka Proxmox, programu ya bure inayoigawa kompyuta moja iwe kama kompyuta kadhaa. "Ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Watoto wakiharibu chumba chao, picha haziguswi." Shamsi wa duka la simu akasema ipo programu ya kulipia, ndiyo ya wakubwa. Bazilio akajibu kwamba kwa nyumba yangu, ile ya bure inatosha. Niliudhika, maana alikuwa sahihi kila mara. Mashine ilifanya kazi miezi minane bila kusumbua.

Halafu umeme ukakatika siku mbili mfululizo. Uliporudi, mashine iliwaka lakini vyumba vyote viwili vikagoma kufunguka. Iliandika kwamba uwezo wa kugawa haupatikani. Asubuhi hiyo hiyo alikuja mteja wangu Ildefonsi, aliyefiwa na mama yake. Picha pekee ya yule mama ilikuwa ile niliyompiga kwenye harusi ya mwanawe, na mazishi yalikuwa saa tisa. Alikaa sebuleni kwangu, kofia mapajani, akisubiri.

Nikamwita Shamsi. Akaangalia dakika mbili, akatoa hukumu. "Prosesa, ubongo wa mashine hii, haiwezi kugawa. Kama ilikuwa inaweza, basi imebadilishwa. Nani aliifungua mara ya mwisho?"

Aliyeifungua mara ya mwisho ni Bazilio, wiki moja kabla, kufuta vumbi.

Ilikuwa siku ya soko. Nilifika barazani kwake nikamwita mwizi. Akasema, "Mama Zuhra, tulia, ngoja niione kwanza." Hilo "tulia" likanipandisha zaidi. Nitayaandika maneno yaliyofuata yote, kwa sababu sina ruhusa ya kuyapunguza. Nilisema, "Mkimbizi mkubwa wewe. Tumewapa ardhi, bado mnatuibia. Rudi kwenu." Mimi nilisema hayo, ambaye baba yangu alifika Kasulu kutoka Pangani na robota za kanga mwaka 1979, na mpaka leo Kiha changu kinachekwa sokoni. Watu walijaa. Wapo waliopiga makofi. Bazilio alirudisha bisibisi kwenye kopo, akainama.

Ildefonsi alimzika mama yake bila picha.

Ijumaa binti yangu Zuhra akarudi kutoka chuoni Kigoma. Akawasha mashine, akatazama saa ya ndani ya mashine. Ilisema ni mwaka 2012. "Mama, kibetri cha saa kimekufa. Mipangilio yote imerudi ya kiwandani." Akaingia kwenye mipangilio, akakuta mstari mmoja umezimwa, ule wa kuiruhusu prosesa igawe. Akauwasha. Picha zote zikarudi, na mama yake Ildefonsi akiwemo, anacheka. Prosesa ilikuwa ile ile.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ya kufuta vumbi Bazilio aliniambia, "Kibetri hiki kimechoka, nikienda Kigoma nitakuletea kipya." Nilimjibu "sawa" bila kuinua macho kwenye simu.

Nilimchukia Shamsi kwanza, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Kisha nikaona kazi niliyoifanya mtaani. Wateja walikuja kuchukua kompyuta zao barazani zikiwa bado zimefunguliwa. Mtu mmoja wa mtaa akamtaka Bazilio aonyeshe karatasi zake pale pale mezani. Na mteja wangu Esteri, aliyekuja kupiga picha za pasipoti, akanisifu: "Wewe ndiye uliyesema. Sisi tulikuwa tunaogopa tu." Nikamfukuza studio. Akaondoka akinishangaa, kwani hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Siku ya soko iliyofuata nikaenda pale pale, nikasimama katikati ya njia, nikapaza sauti ile ile. "Bazilio si mwizi. Mimi Adija ndiye niliyekosa. Hakubadilisha chochote kwenye mashine yangu, na ni raia kama mimi." Nilitaka wajae kama walivyojaa siku ile. Walionisikia siku ile wakapita na vikapu vyao. Waliosimama ni watu wa vijijini walioshusha ndizi asubuhi hiyo, sura ngeni kabisa.

Mwanamume mmoja akamuuliza mwenzake, "Kwani kaiba nini?" Mwenzake akampima Bazilio kwa macho. "Kumbe Mrundi huyu." Kwenye benchi alikuwepo mteja mmoja tu, mwanamke aliyeleta laptop ya mwanawe. Akaibana kwapani, akainuka, akaondoka.

Nikaongeza sauti. Bazilio akatoka barazani, akanisogelea mpaka karibu, akasema taratibu, "Mama Zuhra, nakuomba unyamaze. Hawa walikuwa hawajasikia."