Hamoki Niliyomchagulia Mwalimu

Mume wangu alianza kutembea baada ya kustaafu ualimu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa, na daktari wa kliniki hapa Embu alimwambia wazi kwamba dawa peke yake hazitoshi, lazima mwili ufanye kazi. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mimi, hata mama yake kule Kibirichia. Agizo hilo alilipokea kama alivyokuwa akipokea mtaala mpya: alinunua daftari, akachora njia, akaanza na msitu wa Njukiri kila asubuhi, halafu vilima, halafu safari za siku mbili. Mimi nilikuwa karani wa shule na nilikuwa na likizo, kwa hiyo nilimfuata. Watoto walikuwa wameshaondoka nyumbani. Siwezi kusema tulikuwa na furaha kubwa, lakini tulikuwa na jambo la kuzungumza wakati wa chakula.

Shida ilikuwa kulala. Hema letu lilikuwa zito, na ardhi ilimuumiza mgongo. Aliamka ameshika kiuno, akasubiri dakika kadhaa kabla ya kunyooka. Rafiki yake mmoja akamweleza habari za hamoki, kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili. Ukiweka turubai juu yake, huhitaji hema wala mahali tambarare.

"Ukienda Meru, niangalizie," Mwalimu aliniambia. "Lakini iwe nyepesi. Mgongo wangu haubebi tena."

Nilienda peke yangu, siku niliyotumwa na shule kupeleka fomu. Duka lilikuwa ghorofani, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika langu aliyewahi kupikia wapanda mlima. Alikuwa na kulabu ukutani. Alinifungia hamoki tatu, moja baada ya nyingine, akaniambia nivue viatu nilale. Ya kwanza ilikuwa nzito, kitambaa mara mbili upande wa chini, na katikati mna nafasi ya kuingiza godoro jembamba la sponji. Turubai yake ilikuwa pana, inapita kichwa na miguu. Ya pili ilishonewa neti ya mbu. Ya tatu ilikuwa ya kitambaa kama cha parachuti, ukiikunja inaingia kwenye mfuko wa koti, na turubai yake ilikuwa ndogo kama leso.

"Mnatembelea wapi?" aliniuliza.

"Mbeere. Na mlimani pia, tukijaliwa."

Akaishika ile ya tatu, akaivuta kwa vidole. "Hii ni ya sehemu za joto. Upepo unapita chini yako, na mfuko wa kulalia ukishaulalia unakuwa bapa, hauzuii baridi. Mlimani chukua ile nzito. Na kama ni mtu mrefu, turubai hii haimfikii miguu."

Mwalimu alikuwa mrefu. Niliinua ile nzito, nikamwona akilini akipanda nayo kilima, nikaona atakavyonitazama tukifika juu. Nikachukua nyepesi mbili. Nyumbani aliirusha yake juu akaidaka kwa mkono mmoja, akacheka. Sikumwambia maneno ya yule mwanamke.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenye kilima cha Kiang'ombe, na ilitupa imani tusiyostahili. Joto la Mbeere halina huruma hata jua likishazama, na ule upepo wa chini, niliokuwa nimeonywa kuuhusu, ulikuwa ndio raha yenyewe. Mwalimu alilala mpaka jua likamchoma usoni. Alisimama mara moja, amenyooka.

"Umechagua vizuri," alisema. Nikaitikia.

Agosti tulikwenda mlimani kwenyewe, kwenye msitu ulio juu ya Timau. Tulichukua kiongozi wa njia, mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya ngano kule chini kabla ya kuanza kupeleka watu mlimani. Saa tisa alasiri mvua ilianza, nyembamba na ya baridi, ile isiyokuwa na haraka ya kuisha. Tulisimama kwenye mierezi tukaanza kufunga kamba. Mzee aliitazama hamoki ya Mwalimu muda mrefu.

"Mwalimu, hii kitu ni ya kulala huku?"

"Ni ya kulala popote."

"Mimi niko na hema. Tutabanana, lakini tutatoshea wote."

"Asante, mzee. Niko sawa."

Mzee akageuka akanitazama mimi. Hapo ndipo ningesema. Nilishughulika na fundo la kamba ambalo tayari lilikuwa limekaza.

Baridi ya usiku ule ilitoka chini, kama mtu amekuwekea bati lenye umande mgongoni. Nilishindwa, nikashuka, nikaenda kukaa kando ya moto wa mzee. Nilimwita Mwalimu. Alijibu kwamba yuko sawa, nimwache alale.

Asubuhi tulikuta upande wa miguu wa hamoki yake umejaa maji. Turubai ilikuwa imekomea kwenye magoti. Nilimvua soksi zikichuruzika. Miguu ilikuwa myeupe, imekunjamana, kama viazi vilivyomenywa vikasahaulika majini.

"Unaumwa?"

"Hapana. Sisikii chochote."

Nikamshukuru Mungu. Mzee alimshika kisigino, akamwambia, "Keti hapa kwa moto kwanza. Huu mguu haujarudi." Mwalimu akasema viatu vitakaukia mguuni. Tuliteremka kwa saa tano nzima, na hakulalamika hata mara moja.

Tulipitia Kibirichia kwa mama yake. Ndugu zake walikuwa wanachimba viazi, na Mwalimu hakutaka waseme Embu imemlegeza. Alivaa gamubuti za mpira, akachimba nao siku mbili. Siku ya tatu mama mkwe aliweka chini karai la viazi, akaja akasimama mbele yake, akamwambia kwa Kimeru avue gamubuti. Alikuwa amesikia harufu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi, na chini ya kidole gumba palikuwa na tundu ambalo yeye mwenyewe hakujua kama lipo.

Hospitalini Meru walikata vidole viwili kwanza. Baada ya wiki mbili walikata nusu ya wayo. Kisha daktari akatuita, akatuonyesha kwa kalamu mahali chini ya goti, akasema hapo ndipo damu bado inapita vizuri, na hapo ndipo watakapokata. Mwalimu alitia sahihi kwa ule mwandiko wake wa ubaoni.

Siku chache baadaye, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake wodini, nilimwambia.

"Mwenye duka alinionya. Alisema ni ya sehemu za joto tu. Alisema turubai haimfikii mtu mrefu."

Muuguzi alipita na dawa, akapita tena akirudi.

"Miguu yangu ilikufa ganzi kabla sijastaafu," alisema. "Nilikanyaga msumari asubuhi nikafundisha nao mpaka saa sita. Nilijua nilipoona damu sakafuni."

"Mbona hukusema?"

"Ungenikataza kutembea. Daktari naye angekataa."

Nilidhani tukishaambiana hivyo tutapumua. Haikuwa hivyo. Kabla ya hapo nilikuwa na hatia peke yangu, na kuna namna nilikuwa nimeizoea. Sasa nilikuwa pia na hasira, na sikuwa na mahali pa kuipeleka, kwa sababu huwezi kumfokea mtu anayejifunza kusimama kwa kushika ukuta. Yeye naye, nadhani, alikuwa na yake. Kuna mara nilimwona akinitazama nikifunga kamba za viatu vyangu niende kazini.

Tulirudi Embu. Mguu wa bandia anao, lakini anasema unamchubua, na mimi nauogopa mchubuko kuliko yeye anavyouogopa. Magongo yanateleza kwenye matope, kwa hiyo wakati wa mvua hatoki. Tunazungumza kuhusu dawa, umeme, simu za watoto. Kila asubuhi napiga magoti nauangalia mguu uliobaki, kidole kwa kidole, na yeye hutazama pembeni kama mtu anayepekuliwa na askari.

Juzi waumini wa kanisa letu walikuja kutuombea. Mmoja wao alishukuru sana kwamba uhai umebaki, na Mwalimu akasema amina pamoja na wengine, kwa sauti. Walipoondoka aliniomba nimsaidie kugeuza kiti chake, kilichokuwa kikitazama mlango, kielekee ukutani. Kutoka pale mlangoni, siku isiyo na mawingu, mlima unaonekana wote.