Nusu ya Kitabu, Gunia la Mahindi

Enzi zetu, ninyi mliosoma nami pale Kamina mnajua, mtu aliyetaka kukimbia jua, mpira wa miguu au mwalimu wa hesabu alikuwa na mahali pamoja tu pa kujificha: biblio, maktaba ya shule. Wenzangu waliingia mle kutafuta elimu. Mimi niliingia kutafuta kiti.

Niseme mapema, msije mkanisifu bure. Tangu utoto mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine walikwenda mtoni kuogelea, walikwenda porini kuchoma nyasi na kuwinda panya, walikwenda stesheni kuitazama treni. Mimi nilikaa mlangoni kwa mama nikiwatazama wakienda, kisha nikiwatazama wakirudi, na safari hiyo ilinitosha. Ndiyo maana shule nzima iliniita Mulango. Hata mwalimu aliyekuwa akiita majina asubuhi alilisahau jina langu la ubatizo.

Biblio yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya kanisa la shule, chini ya bati lililolia kila jua lilipopanda. Ilinukia vumbi, karatasi za zamani na sabuni ya bluu. Sabuni ilikuwa ya Masere Odila, mtawa aliyetunza vitabu. Aliweka beseni la maji mlangoni, na hakuna aliyegusa kitabu kabla ya kunawa na kumwonyesha viganja vyake, mbele na nyuma. Masere aliinama akavinusa kabisa. "Kitabu si bukari," alikuwa akisema, yaani si ugali. "Hakishikwi na mboga mkononi."

Alhamisi baada ya masomo ilikuwa siku ya kusimulia. Mmoja alipanda juu ya benchi akatueleza kitabu alichosoma, kwa Kifaransa kama alikiweza, na kwa Kiswahili pale Kifaransa kilipomtoroka. Watoto wa askari wa base, kambi ya jeshi, walipachika Lingala, sisi wa vijijini tulipachika Kiluba, na hadithi ilifika salama kuliko treni. Bingwa wa benchi alikuwa Mado, binti wa askari mmoja wa base, msichana mwenye sauti ya kuamsha kikosi. Akisimulia vita, wa mstari wa mbele walirudi nyuma. Mimi nilipanda benchi lile mara moja tu, nikasema "Kulikuwa mtu mmoja," nikashuka.

Sasa, mwaka mmoja likizo kubwa ilipokaribia, Masere alitangaza jambo. Mwanafunzi atakayewavuta watu wengi wasiowahi kukanyaga biblio ndiye atakayeachiwa ufunguo. Likizo yote atakaa mle ndani, atafungua madirisha, atafuta vumbi na atasoma anachotaka.

Wenzangu walipiga makofi ya adabu. Mimi moyo ulinidunda. Maana likizo yangu ilikuwa inajulikana: kila mwaka mama alinipandisha treni kwenda Kaniama kwa kaka yake, Tonton Kabamba, kupukuchua mahindi mpaka vidole vinavimba, na kuchunga ng'ombe. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyenichukia tangu siku ya kwanza. Nilimwepuka kwa heshima zote, naye akanifuata kwa dharau zote. Ufunguo wa biblio ulikuwa ndio wokovu wangu.

Lakini nitamvuta nani, mimi Mulango? Mado alikuwa tayari anapita kwenye nyumba za base, akiwakusanya watoto kwa kuwashika masikio. Mimi sikuwahi kumfuata mtu popote. Nilichokuwa nacho ni mama na mikate yake.

Mama alikuwa anakaanga mikate ile ya duara mbele ya nyumba, kwenye njia ya kwenda shule. Kila asubuhi mimi ndiye niliyepepea makaa ya mbabula, jiko letu, na wanafunzi walisimama kusubiri sufuria. Mwenye njaa haendi popote, na mimi pia siendi popote, tulifaana. Basi nikaanza kuwasimulia kitabu nilichokuwa nacho, polepole, macho kwenye makaa, bila benchi na bila kutazamwa. Kilikuwa hadithi ya mvuvi wa Lualaba aliyetuhumiwa kuiba mtumbwi wa mkwe wake. Mtuhumiwa anaburutwa mbele ya chifu, watu wanapiga kelele, mkwe anafungua mdomo... na hapo nikanyamaza.

"Na kisha?" wakauliza, mikate mikononi.

"Muende biblio. Mwisho iko kule."

Walidhani ni ujanja. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimefika hapo tu. Sikuwahi kumaliza kitabu. Nilipofika katikati niliona uvivu, nikachukua kingine. Mama alilijua hilo. "Uyu mutoto hata mu kitabu anaikalaka nusu ya njia," aliwaambia wateja. "Hapendi kufika mahali."

Baada ya siku chache biblio ilijaa. Kila mtu alitaka kitabu kile kile, na hakuna aliyekianza mwanzo.

Siku ya kufunga shule tulikusanyika uwanjani na wazazi wetu. Masere alikuwa na kitabu cha mvuvi mkononi. Akakiinua.

"Tangu mwanzo mpaka katikati, safi kama hostia," alisema. "Kuanzia katikati, mafuta ya mikate matupu! Beseni langu limeshindwa. Basi nilifuata mafuta mpaka nikafika kwa mama mmoja."

Watu walicheka. Mimi nilishaanza kunyoosha mkono kupokea ufunguo.

"Mado atashika ufunguo," akasema Masere.

Mkono ukabaki hewani. Nikajikuna kichwa nao, ili usionekane umekuja bure.

"Lakini aliyewaleta wengi ni Mulango. Mulango, weye ulivuta bantu wakafika kwenye kitabu. Sasa kitabu itafika kwenye bantu. Vacances hii utaondoka na sanduku la vitabu. Si unaendaka Kaniama?"

"Nani alikuambia, Masere?"

Aligeukia wazazi. Nilimtazama mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kikwembe, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Hivyo ndivyo nilivyoshinda, nikafungwa. Nilipanda treni na sanduku la bati magotini, huku Mado akinipungia ufunguo kutoka kwenye uzio wa stesheni. "Mulango!" alipaza sauti. "Usalimie ngombe!"

Tonton Kabamba alilifungua sanduku, akachungulia ndani. "Niliomba dada yangu anitumie mikono," alisema. "Ananitumia makaratasi."

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa mlima. Mchana wa kwanza vidole vyangu vilishindwa, nikasema lazima nifanye kazi ya Masere kwanza. Tonton alijua uvivu unavyonuka, lakini aliheshimu watawa.

"Soma basi. Ila kwa Kiswahili. Bile Bifaransa bikae mu kitabu."

Nikafungua hadithi ya mvuvi, maana ndiyo pekee niliyoijua kwa ulimi. Jirani aliyekuja kuazima shoka akasimama. Baadaye akaketi. Kesho yake alikuja na mke wake, na mke na dada zake. Tonton alizunguka, akamwekea kila mmoja kapu la mahindi mbele ya magoti.

"Masikio iko na kazi," alisema. "Mikono je?"

Wakapukuchua. Jamani, nisiwafiche, sijawahi kuona mahindi yakiisha kwa furaha kiasi kile. Mvuvi akiwa hatarini, punje ziliruka kama mvua ya mawe. Mkwe akidanganya, bibi mmoja alimtukana kwa Kiluba na kuvunja gunzi. Nami nilikaa kwenye kigoda, kitabu mkononi, vidole vyangu vikipona. Hata yule ng'ombe mwekundu alikuwa anasogea kando ya zizi akitutazama, na sikuondoka.

Tonton, mtu asiyejua kusoma bango la duka, ndiye aliyejua kitabu kikatwe wapi. Tulipokaribia ukweli alinyoosha mkono. "Funga. Magunia ingali matupu." Watu walilalamika, wakaenda makwao, wakarudi mapema zaidi. Nilidhani kukatiza hadithi ni uvivu wangu binafsi; kumbe kwa mjomba ni kilimo.

Siku ya treni ya kurudi, ilibaki sura moja. Magunia yalikuwa yamejaa, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa nataka kumaliza kitabu. Tonton akakichukua mkononi mwangu, akakifunga ndani ya kitambaa.

"Tonton, ni ya Masere hiyo!"

"Masere atangoja. Mwaka kesho njo utakuja kuimaliza."

Nilirudi Kamina, nikamweleza Masere kwamba kitabu chake kimezuiliwa Kaniama. Alicheka mpaka akavua miwani. "Acha," alisema. "Kitabu kiko kazini." Na mwaka uliofuata, mama alishangaa kunikuta nimefunga mzigo kabla hajanituma. Tuliisoma sura ile ya mwisho siku ya kwanza, na mvuvi hakuwa na hatia, na yule bibi alisema alijua tangu mwanzo.

Leo nina binti, Ngoie, anayesoma pale pale. Biblio imepakwa rangi, na beseni halipo. Mado, aliyeninyang'anya ufunguo wa biblio, baadaye alichukua na ufunguo wa nyumba yangu. Ndiye mama wa Ngoie, na sauti haijapungua. Watoto wa siku hizi ni werevu, sikatai. Lakini kitabu wanaanza na mwisho. Wanauliza simu mvuvi alifanyaje, simu inajibu, wanageukia jingine. Ni kama mtu anayekula nyama yote kisha analalamika bukari haina ladha.

Na Kaniama sasa kuna mashine ya kupukuchua. Inanguruma asubuhi, mchana mlima umekwisha. Tonton, aliyezeeka vizuri, alinipigia simu juzi. "Mahindi imeisha," aliniambia. "Lakini hakuna mutu alikuja kuketi. Ile mashine, hata ukiielezea hadithi, haisikie."

Neno lile lilinikaa. Nikamwambia Ngoie aende kwake likizo hii.

"Papa, kule réseau ya simu haiko! Miye siendi."

"Wa kwenu huyo," alisema Mado kutoka jikoni. "Mulango mutoto."

Jioni umeme ulikatika, simu yake ikazima, naye akaja kuketi kando ya mbabula pamoja nasi kwa kukosa pa kwenda. Nikachukua kitabu kipya alichokiazima biblio kwa ajili ya darasa na hakukifungua, nikaanza kukisoma kwa sauti, kwa Kiswahili. Jioni tatu tulikaa hivyo. Katikati, msichana wa hadithi akiwa amesimama mbele ya mlango ambao hapaswi kuufungua, nikakifunga.

Asubuhi nikampa kitabu kijana wa pikipiki anayekwenda Kaniama.

"Kitabu iko wapi?" aliuliza Ngoie alipotoka shule.

"Kwa Tonton."

"Papa! Na mwisho?"

"Mwisho iko kule."

Alikasirika siku nzima, kama mama yake. Siku iliyofuata nilikuta begi lake limefungwa karibu na mlango.

Ameondoka tangu Jumamosi, shule ilipofungwa. Nyumba ni tulivu, nami niko kwenye kiti changu, ninawatazama watu wakienda na wakirudi. Mado ananiuliza yule msichana aliufungua ule mlango au la. Nitajuaje? Nilisoma nusu tu. Tunamngoja mtoto arudi atusimulie.